Tesatorul Yashinda Desemba

Shu, shu, shu. Kabla adhana ya alfajiri haijasikika, niliamshwa na sauti ya brashi. Wiki yangu ya kwanza katika nyumba ile ya Riyadh nilifikiri ni panya. Nikatoka taratibu katika chumba changu kando ya jiko, nikamkuta Baba Costica ameketi kwenye kiti cha plastiki, gazeti limetandazwa sakafuni, anapiga viatu rangi. Alianza na viatu vyeupe vya binti yake vya kwendea hospitalini. Akaja kwa viatu vyake mwenyewe, ambavyo hakuvivaa kwenda popote. Mwisho akachukua ndara zangu. Ndara za plastiki hazipigwi rangi, kwa hiyo alizifuta kwa kitambaa chenye maji, akaziweka mlangoni pangu zikitazama nje, ili nikitoka niingize miguu tu.

Nimefanya kazi katika nyumba tano tangu nije Saudia. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunifutia ndara.

Jina langu ni Selipher, lakini watu wa kwetu Vihiga huniita Mama Reuben. Nina wajukuu watano, na magoti yanayonieleza habari za hali ya hewa. Niliajiriwa kumtunza Baba Costica, mzee wa miaka themanini na tatu kutoka Romania. Mwajiri wangu alikuwa binti yake, madam Doina, muuguzi. Mke wa Baba alipokufa, madam alimleta Riyadh akae naye, na kufikia wakati nilipoingia mimi alikuwa ameishi huko zaidi ya miaka kumi.

Kazi ya Baba maishani mwake ilikuwa moja tu. Kwa miaka thelathini na minane alitunza vifaa vya timu ya mpira ya mji wao mdogo, Lunca Mare. Yeye ndiye aliyefua jezi, akaanika, akakunja, akasafisha viatu vya wachezaji na kuvijaza magazeti visikauke vikakunjamana. Timu iliitwa Tesatorul, maana yake mfumaji, kwa sababu ilikuwa timu ya kiwanda cha nguo.

Mimi na Baba tuliongea Kiarabu cha jikoni, kile tulichookota kila mtu kivyake, na Kiingereza kidogo. Tulipokosa neno tulionyesha kwa mkono. Yeye na binti yake waliongea lugha yao, ambayo sikuielewa ila jina la timu.

Lakini hawakuongea sana. Madam alirudi kutoka kazini miguu imevimba, akampima Baba presha, akauliza kama amekula, akaenda kulala. Haikuwa ugomvi. Ni kama watu wawili waliokutana stesheni wakakosa la kuambiana. Isipokuwa Jumamosi. Jumamosi jioni madam aliingia na sare yake ya kazi, akaketi pembeni mwa kitanda cha Baba, akamwambia matokeo ya Tesatorul. Baba akauliza, yeye akajibu. Baba akapiga godoro kwa kiganja, au akacheka, au akatikisa kichwa. Dakika kumi kwa saa ya ukutani. Kisha madam akambusu kwenye paji la uso. Wiki nzima ya nyumba ile ilisimama juu ya dakika hizo kumi, na kila nilipopita na sinia ya chai nilipita kwa vidole vya miguu.

Siku moja tukiosha vikombe nikamuuliza, "Madam, hizo mechi unaziona kwa simu?"

Akafunga bomba. "Hakuna mechi, Selipher. Timu ilifutwa mwaka 2011."

Nikabaki na kikombe mkononi.

"Nilikuwa nimemleta hapa miezi mitano tu," akasema. "Amemzika mama, ameacha nyumba, ameacha barabara yake. Halafu timu nayo inakufa. Akaniuliza, Doina, vijana wamefanyaje? Nikasema wameshinda mbili moja. Nilidhani nitamwambia wiki inayofuata." Akafungua bomba tena. "Usimwambie. Nikimwambia, nitakuwa na nini cha kuongea naye?"

Sikumlaumu. Mjukuu wangu Ashley nilishamwambia kwamba ndama wake ameenda kumtembelea shangazi, na mpaka leo anaulizia salamu zake.

Desemba ile mkataba wa madam Riyadh ulikwisha, akapata kazi Jeddah. Alitangulia yeye. Sisi tungefuata Februari, karatasi zikikamilika na nyumba ikipatikana. Aliahidi kupiga simu kila Jumamosi, na Jumamosi tatu za kwanza alipiga kweli. Niliweka simu kwenye sikio la Baba nikatoka nje nikafunga mlango.

Jumamosi ya mwisho ya mwaka simu haikulia. Baba alikuwa amechana nywele na kufunga vifungo vyote vya shati. Magharibi ikapita. Akaniuliza, "Doina?"

"Kazini, Baba. Wagonjwa ni wengi."

"Mafi mushkila," akasema, hakuna shida, akageukia ukuta.

Ule mgongo wake ndio ulionishinda. Nilienda jikoni nikampigia Absalom. Absalom ni mtu wa Mumias, anaendesha lori la vigae kutoka maghala ya Al-Sulay, na mpira anaujua kama mhubiri anavyojua Zaburi.

"Absalom, nipe mechi."

"Mechi gani, mathe?"

"Yoyote. Ya Romania. Timu yetu iwe imeshinda."

"Mathe! Umeanza kubeti?"

Aliucheka mzaha wake mpaka nikatenga simu na sikio. Nilipomweleza habari yote sauti yake ikawa ya mtu aliyeombwa kufungua ibada.

"Sawa. Shika kalamu. Tatu moja. Lakini tunaanza kwa kufungwa."

"Mbona tufungwe?"

"Lazima mzee ateseke kidogo, mathe. Ukimpa tatu bila, atajua umemdanganya. Tunafungwa dakika ya kumi, tunasawazisha kabla ya mapumziko, halafu namba tisa anaingia anapiga mbili. Namba tisa ni kijana wa hapo hapo mjini. Wazee wanapenda hiyo."

"Na leo mpira unachezwa huko kweli? Si ni Krismasi?"

"Eish, Mama Reuben! Krismasi ndiyo wiki ya mpira. Leo wanacheza, kesho kutwa wanacheza, mpaka wachezaji wanalia. Hiyo kitu nimeiangalia tangu niko darasa la nne."

Nikaandika kila kitu nyuma ya karatasi ya dawa. Nikaenda kusimama mlangoni pa Baba, nikasema madam ametuma ujumbe. Nikamsomea. Alipogeuka na kuketi niliona nimefanya jambo jema, kwa hiyo nikaongeza chumvi yangu.

"Uwanja ulikuwaje?" akauliza.

"Mzuri sana, Baba. Majani kijani kibichi."

"Na watu?"

"Wengi! Bao la tatu lilipoingia, vijana wamevua mashati wakayarusha juu."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akapigapiga mkono wangu mara mbili. "Shukran, Mama Reuben. Nenda ulale."

Nililala na furaha. Asubuhi sikusikia brashi.

Hakuuliza tena habari za Tesatorul. Jumamosi iliyofuata madam alipopiga simu, Baba alisema maneno mawili matatu akanirudishia simu. Na iliyofuata vile vile. "Amechoka?" madam akaniuliza. Nikasema ndiyo, amechoka. Na mimi nilikuwa nimechoka. Nilijua kuna kitu nimekivunja, lakini sikujua nimekivunja kwa kutamka neno gani. Nilirudia karatasi ile ya dawa mara nyingi, dakika ya kumi, namba tisa, bao la tatu, nikitafuta kosa kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye zulia.

Februari tukahamia Jeddah. Nyumba ilikuwa Al-Baghdadiyah, ghorofa ya tatu, chini kuna mafundi wa kushona kutoka Bangladesh ambao walimbeba Baba na kiti chake hadi juu bila kuombwa, na mmoja wao akarudi kuchukua kofia yake iliyoanguka kwenye ngazi. Hewa ya Jeddah ni nzito. Nguo ukianika asubuhi, jioni bado inakuuliza maswali. Madam hospitali ilimpa chumba kwa sababu ya zamu, hivyo hakuishi nasi. Alikuja Jumamosi tu.

Sasa nikaona vizuri nilichokivunja. Baba hakuuliza mechi, na madam hakujua aanze vipi kama hajaulizwa. Alimpima presha. Akapanga vidonge kwenye kile kisanduku cha siku saba. Akatazama dirishani. Jumamosi ya kwanza alikaa nusu saa. Ya pili, robo saa. Ya tatu hakuketi. Alipima presha mkoba ukiwa begani, na chai niliyompikia niliimwaga.

Siku ya pili yake nilikuwa namkanda Baba miguu kwa mafuta ya nazi. Nikaona nikiendelea kunyamaza nitaugua.

"Baba, ile mechi ya Desemba. Madam hakutuma ujumbe. Nilidanganya mimi."

Nikaendelea kukanda. Baadaye akauliza, "Wale waliovua mashati, walikuwa wangapi?"

"Baba?"

"Desemba, Lunca Mare, theluji iko hapa." Akaweka kiganja juu ya goti lake. "Mpira unasimama Novemba. Unarudi Machi. Miaka sitini na tisa nimeishi pale. Mtu akivua shati Desemba, siku ya tatu tunamzika."

Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikalazimika kumwinua na kumpa maji, na mimi nacheka huku uso unaniwaka kwa aibu.

"Ni Absalom," nikasema. "Absalom wa lori. Alisema Krismasi ndiyo wiki ya mpira."

"Ah. Huyo anatazama Waingereza." Alisema kama daktari aliyegundua ugonjwa. "Waingereza hawana akili. Mvua ya mawe, wanacheza."

"Kwa hiyo ulijua tangu siku ile kwamba hakuna mechi."

"Mama Reuben, nimejua tangu 2011. Golikipa wetu wa zamani alinipigia simu siku ileile. Alilia. Doina alikuwa kazini. Nikaketi nikingoja arudi nimwambie. Akaingia. Mimi sikuweza kusema, nikamuuliza vijana wamefanyaje, nione kama amesikia. Akasema mbili moja. Na akaketi. Pale kitandani. Akaketi."

Nikaacha kukanda.

"Alipokuwa mdogo, kila Jumapili nilikuwa safarini na timu," akasema. "Siku ya harusi yake nilifika jioni, jezi zilikuwa hazijakauka. Hatujui kuongea, mimi na yeye. Mama yake ndiye alijua. Sasa mtoto ameketi kwangu, ananiambia mbili moja. Nimwambie nini? Ainuke?"

"Na majira ya baridi alikuwa anakuambia nini?"

"Ee, Doina si kama wewe. Doina amezaliwa kule. Majira ya baridi ananiambia nani ameumia goti, nani ameoa, kocha amelewa. Uongo mzuri sana."

"Sasa mbona uliacha kuuliza, Baba? Mbona baada ya mechi yangu?"

Aliangalia mikono yake. "Ulisimama mlangoni na karatasi. Mama mwenye magoti mabovu, ananibebea mabao matatu. Nikaona uongo wetu umefika jikoni. Nikasema halas, basi yatosha. Nisimtwike mtu mwingine."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilidanganya kwa kumhurumia, naye akaacha kitu pekee alichokuwa nacho na binti yake kwa kunihurumia mimi.

"Mwambie madam," nikasema. "Mwambie Jumamosi."

"Hapana. Akijua nilijua, ataona haya kwa miaka hiyo yote. Atakuja kupima presha na kwenda. Usimwambie."

Nikamwahidi. Sasa nilikuwa nimebeba uongo wa huyu na wa yule. Simlaumu mtu, nasema tu kwamba ulikuwa mzigo.

"Lakini kitu kimoja unaweza," akasema. "Unaandika?"

"Naandika Kiswahili."

"Andika hivyo hivyo. Kila kitu cha timu, hadi mwisho. Mwisho sijawahi kumwambia mtu."

Nilinunua daftari la kurasa tisini na sita. Kila siku baada ya chakula cha mchana, feni inazunguka na mafundi chini wanaendesha cherehani zao, Baba alisimulia nami nikaandika. Mimi kanisani kwetu nilikuwa katibu wa akina mama, na historia niliyoizoea ni ile inayosomwa siku ya mazishi. Sikujua namna nyingine. Kwa hiyo nikaandika: Tesatorul alizaliwa mwaka 1948, mtoto wa kiwanda cha nguo cha Lunca Mare. Pembeni nikaweka miaka, juu hadi chini.

Jezi za kwanza zilikatwa kwenye kitambaa kilichobaki, cha kahawia na cha manjano, na rangi ikawa hizo mpaka mwisho. Uwanja ulikuwa kando ya mto, na mto ulibeba rangi ya kitambaa cha siku hiyo. Mpira ukitumbukia ulirudi wa buluu, au mwekundu, na mwamuzi hakusema neno. Mara mbili serikali ilibadilisha jina la timu. Iliitwa Bendera, ikaitwa Maendeleo, ndipo ikaitwa Tesatorul. Baba aliona aibu kulieleza hilo. Nikamwambia kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee humwita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile atakalonyamazia ndilo lake. Akafurahi sana. Akaniambia niandike hivyo, kwamba timu ilinyamazia jina la Tesatorul.

Baba aliingia 1963. Viatu alivipaka mafuta ya nguruwe, jambo ambalo tulikubaliana tusilitafsiri kwa jirani yeyote. Mwaka 1976 ikaja timu kubwa kutoka mji mkuu, mechi ya kombe. Meneja wa kiwanda alisimamisha mashine saa nzima, akina mama wakatoka na nyuzi kwenye nywele, wakajaza ukingo wa mto wote. Tesatorul ilishinda bao moja. Nilitaka kuandika bao lilivyofungwa, Baba akasema hakuliona, alikuwa chumba cha kubadilishia nguo akitafuta soksi ya mtu.

Tukafika 1997, kiwanda kikafungwa. Hapo alikuwa anasimulia polepole, siku nyingine ukurasa mmoja tu, siku nyingine hakuna. Timu ikabaki bila baba. Mvua ikavunja paa la jukwaa, watu wakang'oa vyuma usiku mmoja mmoja. Vijana wakaenda Italia na Hispania kuchuma matunda. Mwaka 2001 Baba akastaafu, lakini alikuwa bado anaenda kufua jezi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua mashine. Mechi ya mwisho, 2011, alikwisha kuja Riyadh. Golikipa wa zamani ndiye aliyemweleza: walitokea wachezaji sita tu, na mechi haianzi bila saba. Golini alisimama mwalimu wa hisabati. Mwamuzi akangoja robo saa, akapuliza filimbi, akaenda zake, akina baba watano wakabaki wamekaa wakitazama uwanja mtupu mpaka jua likazama.

Niliandika: alifariki. Chini yake nikapiga mstari kwa rula, kama tunavyofanya. Baba akaniuliza nimeandika nini, nikamweleza. Akasema sawa.

Asubuhi iliyofuata alipiga viatu rangi, vile vyake na ndara zangu.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi madam akaja. Nilikuwa nimefua mashuka na kupika, na magoti yalinikataa tangu alfajiri, na daftari lilikuwa mezani karibu na kisanduku cha vidonge. Sikuliacha kwa makusudi. Wala sitasema nilisahau. Nilikuwa nimechoka, nikaliona, na sikuinuka kuliondoa.

Madam alimpima Baba presha, mkoba begani. Akaja mezani kupanga vidonge. Akalisogeza daftari, likafunguka, na akaona neno Tesatorul.

"Selipher, hii ni nini?"

"Ni historia ya timu, madam. Baba amesimulia, mimi nikaandika."

Akatabasamu kidogo. Kiswahili hakijui, lakini tarakimu ni tarakimu. Kidole chake kikashuka na ile miaka ya pembeni, akifungua kurasa. 1948. 1963. 1976. 1997. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayepita mtaa anaoujua. Kisha kidole kikasimama. 2011. Chini yake mstari wa rula. Akafungua ukurasa uliofuata, mtupu. Akarudi.

Mkoba ukateleza kutoka begani ukaanguka.

"Nani alikuambia 2011?" akaniuliza. "Ni mimi nilikuambia. Wewe ndiye umemwambia..."

"Mimi," Baba akasema kutoka kitandani. "Ni mimi."

Angeweza kusema kwa lugha yao. Alisema kwa Kiarabu chetu, ili nami nielewe kwamba lawama ameichukua yeye.

Baada ya hapo wakaongea lugha yao. Nilienda jikoni nikafungua bomba, ingawa hata nisingefungua nisingeelewa. Sauti ya madam ilikuwa juu, kisha ikakatika. Baba aliongea. Sijawahi kumsikia akiongea mfululizo namna ile. Nilifunga bomba kwa sababu maji si ya kuchezea, nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nikaomba Mungu asiinuke. Hilo tu. Kwamba madam asiinuke.

Hakuinuka. Baada ya muda mrefu alikuja jikoni, macho mekundu, hana viatu.

"Kuna chai?"

"Ipo, madam."

Akasimama akishika ukingo wa sinki. "Ulijua kwamba anajua."

"Wiki nne, madam. Aliniomba ninyamaze. Wewe nawe uliniomba ninyamaze."

Akanitazama, na nikaona hasira inakuja, halafu ikachoka njiani. "Pole, Selipher," akasema. Kisha: "Mama yangu ndiye alishona namba kwenye jezi za 1976. Wewe ulilijua hilo?"

"Hapana. Hakunisimulia hilo."

"Hata mimi hakuwahi. Ameniambia sasa hivi." Akabeba vikombe viwili mwenyewe, akarudi, na nikasikia kitanda kikilia alipoketi.

Alikaa hadi baada ya adhana ya isha. Mara nyingine walinyamaza kwa muda, nikahofia, kisha mmoja akaanza tena. Mara moja Baba aliniita nilete daftari, akamwonyesha mahali fulani, akanitaka nisome kwa Kiswahili ili madam asikie sauti ya maneno tu. Nikasoma ule ukurasa wa mto. Madam alisikiliza kama mtoto anayesomewa barua.

Zamu yake ilikuwa inaanza. Akavaa viatu, akaokota mkoba, akambusu Baba kwenye paji la uso. Nikamsindikiza hadi mlangoni. Sikuwa na uhakika wa lolote. Watu wakishaambiana kweli, kuna wanaorudi na kuna wasiorudi. Nimewaona wa namna zote mbili.

Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa Baba aliposema kitu kutoka chumbani, kwa lugha yao, kwa sauti ndogo. Madam hakugeuka.

"Anataka nini, madam?" nikauliza. "Maji?"

"Hapana. Anasema Jumamosi ijayo hakuna mechi. Anauliza kama naweza kuja hivyo hivyo."